Bibi Mzee wa Cheptais na Mkebe Wake

Wasomaji waliopata kupanda kutoka nyanda za Bungoma kwenda Cheptais watakumbuka jinsi hewa inavyobadilika njiani. Huko chini ni miwa na vumbi. Ukifika juu unakuta migomba, mibuni na mahindi yaliyopandwa katika miteremko mikali hata mgeni hujiuliza mkulima husimamaje hapo na jembe lake. Nyuma ya hayo yote umesimama Mlima Elgon, ambao mara nyingi hauonekani kwa mawingu, na ng'ambo ya mto Lwakhakha ni nchi ya Uganda. Ndiko alikoishi, kwa muda wa miaka 70 na zaidi, bibi mzee mmoja wa Wasabaot aliyefariki mwaka 2018. Wajukuu wake walimwita Kogo, kama Wakalenjin wamwitavyo nyanya.

Hakupata kuwa mtu wa sifa. Hakuwa mke wa chifu, wala hakusimama siku yoyote mbele ya mkutano akasema. Kusoma hakujua, na kuandika hakujua. Lakini chini ya kitanda chake palikuwa na mkebe mkubwa wa biskuti, wenye picha ya farasi iliyokwisha kufutika nusu, na ndani ya mkebe ule alihifadhi karatasi za watu wote wa boma lake: stakabadhi za kodi za marehemu mumewe, kadi za chama cha kahawa, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya ubatizo, hati ya shamba. Mtu akitaka karatasi yake hakuruhusiwa kupekua. Alisema anachotaka, naye bibi akatia mkono na kuitoa. Kadi ya mjukuu wa tatu aliijua kwa doa la mafuta, na stakabadhi za kahawa alizijua kwa rangi. Hati ya shamba, alisema, aliijua kwa ugumu wake, kwa kuwa serikali haitoi karatasi ngumu bila sababu.

Heshima hiyo ya karatasi ilikuwa na asili yake. Alizaliwa upande wa pili wa mlima, karibu na Endebess, katika shamba la mlowezi mmoja wa Kizungu, mwaka wa nzige. Siku hizo nchi ya Trans Nzoia ilikuwa imekwisha kugawanywa mashamba ya walowezi, na Wasabaot waliokuwa wakichunga huko tangu zamani wakawa maskwota katika malisho ya baba zao: walimfanyia mwenye shamba kazi kwa idadi ya siku zilizowekwa, nao wakapewa mahali pa kulima na kulisha mifugo. Baba yake alikuwa mchungaji. Shingoni alining'iniza kipande ndani ya kikasha chake cha chuma, kama sheria iliyoanza kutekelezwa miaka ya 1919 na 1920 ilivyomlazimisha kila Mwafrika mwanamume aliyetimiza miaka 16.

Siku moja baba huyo alitoka alfajiri kumtafuta ndama aliyepotea, akakiacha kipande msumarini. Askari wakamkuta barabarani. Alirudi baada ya siku nane, amekonda, wala hakutaka kueleza alikolala. Binti yake alikuwa mtoto wa miaka kama saba, lakini tangu siku ile ndiye aliyekitoa kipande msumarini kila asubuhi na kumvika baba yake shingoni kabla hajavuka kizingiti. Mzee aliinama kidogo ili mtoto afikie. Jambo hilo bibi alilisimulia mara nyingi, na kila mara aliinamisha kichwa chake mwenyewe kuonyesha.

Mwaka 1937 ilitungwa sheria ya vibarua wakaazi, iliyowapa walowezi, kwa njia ya mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota. Baada ya Vita Kuu ya Pili ng'ombe wa baba yake walipunguzwa mara moja, wakapunguzwa tena, hata mzee akachoka. Akafunga mizigo, akauzunguka mlima pamoja na wake zake wawili, watoto, na ng'ombe saba waliosalia, wakaja Cheptais kwa ndugu zao. Mwendo ulikuwa wa siku tano. Binti alibeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yanayotiwa mkaa, na hadi uzeeni alijisifu kwamba hakumwaga hata tone. Katika sifa chache alizojipa mwenyewe, hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Hawakukaa sana Cheptais kabla ya Februari 1948, zilipokuja habari za Malakisi, ambako polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, wakafa watu 11. Wajukuu waliosoma habari hizo vitabuni walimsumbua sana awaeleze. Yeye alijibu kwamba siku ile alikuwa akikwatua shamba la wimbi, na kwamba jioni wanaume walirudi nyumbani wamenyamaza. Zaidi ya hayo hawakupata neno.

Aliolewa mwaka uliofuata. Mumewe alikuwa mtu mpole, mwenye bidii, na mwoga kidogo. Katika miaka ya 1950, Waafrika walipozidi kuruhusiwa kupanda kahawa, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa kijiji kile kuchimba mashimo, ingawa majirani walimcheka kwamba anafukia fedha. Walizaa watoto sita, wakabaki watatu: mabinti wawili, na mwana mmoja, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1968. Wakati wa kuelekea uhuru wanaume wa Elgon walikuwa na hasira nyingi kwa sababu ya mipaka ya majimbo, maana Wasabaot wengi walitaka wawekwe katika Bonde la Ufa, nao wakawekwa Magharibi. Bibi huyu aliwasikiliza wakibishana nje penye mtungi wa busaa, kisha akauliza kama ng'ombe watakatazwa kunywa mtoni. Alipoambiwa hapana, akarudi jikoni.

Lakini msomaji asidhani kwamba alikuwa mtu wa kutii tu. Mnamo 1976 na 1977 bei ya kahawa ilipanda kupita kiasi, kwa kuwa jalidi ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na wakulima wa Uganda, ambao chini ya Idi Amin hawakulipwa cha maana, waliivusha kahawa yao usiku kuileta Kenya. Soko kubwa la biashara hiyo lilikuwa Chepkube, hapo hapo mpakani. Watu walioijua Chepkube ya siku hizo husema fedha zilihesabiwa kwa kupimwa unene wa bunda. Mume alikataza kabisa mtu wa nyumba yake asikanyage huko. Mke akaitikia, na usiku akaenda. Alibeba debe kichwani, si gunia, kwa sababu, alieleza baadaye, mtu mwenye debe anaweza kusema ametoka kisimani. Kwa majuma kadhaa ya kazi hiyo nyumba yao ikapata mabati. Na katika duka moja la mpakani alijinunulia mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi. Ndivyo karatasi zote halali za boma lile zilivyopata kulala ndani ya mkebe wa magendo, naye bibi alipokumbushwa hilo alicheka hata akajifuta machozi.

Karatasi yake mwenyewe aliipata amekaribia miaka 50. Kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake walianza kuandikishwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Karani alimwuliza, “Mama, ulizaliwa lini?” Akajibu, “Mwaka wa nzige.” Karani, kijana asiyepata kuona nzige, akamtazama mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni, na yule mzee akasema, “Andika 1931.” Ikaandikwa. Bibi alirudi nyumbani akakiweka kitambulisho chake mkebeni, juu ya kikasha cha kipande cha baba yake, wala hakukitoa ila siku za kura.

Mumewe alifariki mwaka 1986, na shamba likaandikwa kwa jina la mwana. Mapigano ya kikabila yalipozuka mwishoni mwa mwaka 1991, jirani yake Mbukusu, mwanamke waliyekuwa wakisaidiana palizi kwa miaka 20, alikimbia usiku na watoto. Bibi akazitwaa sufuria za jirani, mbuzi wake wanne, na karatasi zake. Jirani aliporudi baada ya mwaka mmoja na zaidi alikuta sufuria zote, mbuzi sita, na karatasi zimefungwa kwa uzi mwekundu ili zisichanganyike na za wengine.

Tumekwenda upesi katika miaka hiyo, kwa sababu jambo ambalo watu wa Cheptais hulikumbuka zaidi juu ya bibi huyu lilitokea baadaye.

Chepyuk, upande ule ule wa mlima, palianzishwa mwaka 1971 mradi wa makazi kwa ajili ya watu waliotolewa Chepkitale, ambako juu ya mlima palikuwa pamefanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1968. Mashamba ya mradi huo yaligawanywa, ugawaji ukafutwa, yakagawanywa tena, na kila ugawaji uliwaacha watu wenye karatasi wasio na shamba, na wenye shamba wasio na karatasi. Mwaka 2006 ugomvi huo ukawa vita. Likatokea kundi la msituni lililojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaot, na mwezi wa Machi 2008 serikali ikaleta wanajeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kwamba mamia ya watu waliuawa katika miaka hiyo, kwamba pande zote mbili zilitesa raia, na kwamba wanaume wengi walichukuliwa wasionekane tena.

Mwana wa bibi huyu alikuwa mmoja wao. Usiku mmoja wa mwaka huo wa 2008 watu wenye silaha waliugonga mlango wake. Hawakujitaja. Alitoka amevaa koti la marehemu baba yake, akamwambia mkewe afunge mlango, akaenda nao. Alikuwa na miaka 40 na watoto watano.

Kwa mwaka mzima mama na mke walizunguka pamoja, wakiuliza kila mahali palipokuwa na daftari la majina. Walijibiwa kila mahali kwamba jina hilo halimo. Kisha mkaza mwana akaacha kuzunguka, kwa kuwa watoto walihitaji kula, lakini mama hakuacha kungoja. Kila jioni alimimina maziwa katika kikombe cha mwanawe na kukifunika. Asubuhi aliyanywa mjukuu aliyewahi kuamka. Wazee wa ukoo walipomshauri ifanywe matanga bila maiti, kama familia nyingine zilivyolazimika kufanya, alisimama akatoka nje kutazama ng'ombe.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo kama si nusu ekari ya chini, ile yenye chemchemi. Mwaka 2015 alitokea mtu akasema kwamba marehemu (ndivyo alivyomwita) alikuwa amemuuzia sehemu ile kabla ya vita. Karatasi ya mauziano hakuwa nayo, lakini alikuwa na ng'ombe, akawaingiza. Mkaza mwana alikwenda kwa wakili mjini Bungoma. Wakili akamweleza kwamba shamba lina jina la mumewe, na mke hawezi kulishtakia mahakamani mpaka apate hati ya kusimamia mirathi. Kwamba mirathi haiwezi kufunguliwa kwa mtu aliye hai. Na kwamba kwa sheria mumewe bado yu hai. Lakini iko njia. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangetazamiwa kusikia habari zake, akiwa hai, huchukuliwa kuwa amekufa. Miaka saba ilikuwa imetimia. Ilihitajika hati ya kiapo ya mke, na nyingine ya mama mzazi, na nakala ya kitambulisho cha mwana.

Kitambulisho kilikuwamo mkebeni.

Bibi alikataa. Hakugomba wala hakulia. Aliusukuma tu mkebe nyuma zaidi chini ya kitanda, akasema hatatia kidole gumba chake kwenye karatasi ya kumwua mtoto wake. Mabinti wakaja kumsihi, akakataa. Padre akaja, akakaribishwa chai, akakataliwa. Muda wa mwaka mmoja hivi ukapita, na ng'ombe za yule mtu zikaikanyaga chemchemi hata ikawa tope, na wajukuu wakawa wakichota maji mbali. Katika kijiji kulikuwa na watu waliosema kwamba mzee amekuwa mkaidi kwa uzee, na wengine wakasema kwamba mkaza mwana ana haraka ya shamba. Maneno yote mawili yaliwafikia wote wawili, maana Cheptais si mji mkubwa.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 mkaza mwana aliingia jikoni kwa mama mkwe, akaketi chini, asiseme neno juu ya wakili. Walikaa wakitazama moto. Hatimaye bibi ndiye aliyeanza.

“Mwanangu,” alisema, “usiku ule hakuwa na kitambulisho chake. Mimi ndimi niliyekuwa nacho. Nilimwambia akiache kwangu, kisipotee. Labda wangekiona wangemwacha.”

Kumbe miaka yote minane lilikuwa jambo hilo. Watu walidhani anashikilia tumaini. Yeye alikuwa akishikilia kosa, au kitu alichokihesabu kuwa kosa, tangu siku ile alipomwona baba yake akirudi amekonda kwa sababu ya kipande kilichosahauliwa msumarini.

Mkaza mwana hakujibu upesi. Kisha akasema, “Mama, hata wale waliokwenda navyo hawakurudi.” Akawataja, mmoja mmoja, wa jirani wa juu, wa jirani wa chini, wa njia ya mtoni, wanaume ambao wake zao wenyewe walimwambia kwamba waume zao walitoka na vitambulisho mfukoni. Bibi alisikiliza majina yote. Aliuliza juu ya mmoja, “Na huyo pia?” Akaambiwa, “Huyo pia.”

Juma lililofuata waliteremka Bungoma kwa matatu, bibi amevaa leso mpya na mkebe ukiwa mapajani mwake. Wakili aliisoma hati ya kiapo kwa Kiingereza, kisha karani wake akaifasiri kwa Kiswahili. Bibi akamkatiza.

“Imeandikwa kwamba amekufa?”

“La, Mama,” akajibu karani. “Haijaandikwa hivyo. Imeandikwa kwamba tangu mwaka 2008 hujamwona wala hujasikia habari zake.”

“Isome tena pale.”

Akasoma tena. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Alisema kwamba neno hilo ni la kweli, na kwamba kama wangemwambia tangu mwanzo kuwa ndilo linalotakiwa, chemchemi isingeharibika. Juu ya kufa, akaongeza, hilo waseme wenyewe mahakamani, maana yeye hana habari nalo. Akatia kidole gumba katika wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu, hata karani akamwambia yatosha.

Mahakama ilitoa amri yake mwaka 2017, na baada yake mkaza mwana akapata hati ya kusimamia mirathi. Yule mwenye ng'ombe, alipoona barua ya wakili, aliwaondoa mwenyewe bila kesi. Jambo hilo lilimkasirisha bibi kuliko kama angeshindana. Wajukuu wakaizungushia chemchemi mawe.

Lilibaki jambo moja. Ili mauti yaandikishwe, kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini. Bibi alikitoa mkebeni kwa mkono wake, akakifuta kwa pembe ya leso, lakini akauliza kama atarudishiwa. Akaelezwa kwamba haiwezekani. Basi mjukuu mmoja akapita nacho kwanza katika duka la kupiga nakala, akamletea ile nakala, nyeusi na nyeupe, uso wa baba yake umetoka mweusi tii na mistari imepita penye paji.

Bibi aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. “Mashine imemzeesha,” akasema. Akaikunja mara mbili, akaitia chini kabisa ya mkebe, pamoja na kile kikasha cha chuma cha baba yake, akafunika.